P91: ugumu 168 upande mmoja, 322 upande mwengine. Nipashe tena au nikate?

Fundi_Changamwe:

Assalam aleikum wakuu. Tuna viungo viwili vya bomba la P91 (chuma cha kromiamu cha kubeba mvuke moto) karakana, inchi 8, ukuta mm 23, vya laini ya mvuke wa nyuzi 560 itakayofungwa nje ya nchi. Ruti, yaani pasi ya kwanza ya ndani, imepigwa kwa TIG, waya ER90S-B9, agoni ikipita ndani ya bomba mpaka pasi ya tatu. Kujaza ni elektrodi E9015-B9 za mm 3.2. Kupasha kabla ilikuwa nyuzi 200, na kati ya pasi na pasi hatukuvuka 300. Baadaye tukafunga pedi za umeme, nyuzi 760 kwa saa 2, zikapoa ndani ya blanketi. Eksirei imetoka safi.

Taabu ni ugumu. Tumepima kwa kile kipimo cha mkononi cha kudundisha, namba za Brinell:

Kiungo cha 1: weldi 241, bomba upande wa kushoto 208, bomba upande wa kulia 168 (kama mm 40 kutoka ukingo wa weldi).
Kiungo cha 2: weldi juu 252, weldi chini 322, na kandokando ya weldi huko huko chini 335.

Karatasi ya mteja inataka bomba liwe kati ya 190 na 250, na weldi isizidi 280. Kila kiungo kilikuwa na thamokapo (waya za kupimia joto) mbili. Cha kwanza zote zilikuwa kushoto, cha pili zote juu maana chini hakufikiki vizuri. Chati zinaonyesha 760 iliyonyooka kama rula.

Je, nikirudia kupasha vyote viwili nyuzi 770, namba zitakaa sawa? Na vipi joto lile lile lilainishe huku na kuacha kule kugumu?


Bi_Metali:

Waaleikum salaam kaka. Usiwashe pedi kwanza. Ukipasha sasa utafuta ushahidi wa kilichotokea, na kwa P91 ushahidi huo una thamani kuliko namba yenyewe.

Wengi hudhani nguvu ya P91 iko kwenye asilimia 9 ya kromiamu. Kromiamu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu ya mvuke. Nguvu ya kubeba mzigo ikiwa moto inatokana na jinsi chuma kilivyopikwa kiwandani: kimepandishwa nyuzi 1040 hadi 1080, kikapoa na kugeuka martensaiti (umbo gumu la chuma), kisha kikatempwa, yaani kupashwa tena kupunguza ugumu, kwa nyuzi 730 hadi 780 hivi. Katika kutempwa huko huzaliwa chembe za aina mbili. Kabaidi za kromiamu hukaa kwenye mipaka ya punje na kuishika isisogee. Chembe ndogo zaidi za vanadiamu na niobiamu, zilizoungana na kaboni na nitrojeni, hutawanyika ndani ya punje. Hizo ndizo breki za chuma kisitambae, yaani kisinyooke polepole kwa miaka chini ya shinikizo na joto. Mkazo unaoruhusiwa kwenye hesabu ya bomba hupimwa kwa saa 100,000, na chuma kisicho na chembe hizo hakifiki huko. Cheti cha kemikali hakitakwambia lolote: vipande viwili vyenye kemikali moja, kimoja kimepikwa sawa na kingine kimeharibiwa na pedi, vyeti vyao vinafanana.

Sasa joto la weldi. Ukitoka kwenye mstari wa kuyeyuka kwenda nje, ndani ya milimita chache tu, chuma kimepita majira tofauti. Palipovuka 1100, chembe zimeyeyuka na punje zimenenepa. Hapo ndipo pagumu sana kabla ya kupashwa, 400 na zaidi kwa Vickers, kipimo kingine cha ugumu. Palipofika 900 na kitu, punje zimezaliwa upya zikiwa ndogo mno. Kati ya 820 na 900 ni nusu kwa nusu: sehemu imegeuka ostenaiti (umbo la chuma kikiwa moto sana), sehemu imebaki na kutempwa kupita kiasi. Sehemu hizi mbili za mwisho ndizo dhaifu. Chembe zake zimevimba, hazishiki tena, na ufa wa miaka ya baadaye huanzia hapo, ukingo wa nje wa eneo lililopikwa, si kwenye weldi. Wahandisi huuita ufa wa aina ya nne. Kupasha baada ya kuchomelea hakuponyi ukanda huo, kwa kuwa nyuzi 760 ziko chini ya joto la kuzaa punje upya. Dawa yake ni kurudisha bomba zima kwenye tanuri la 1050 na kulitempa tena.

Ila kaka, 168 yako si ukanda huo. Ukanda huo hauko mm 40 kutoka kwenye weldi, uko mm 2 au 3, na ni mwembamba hata kipimo cha kudundisha kinauruka. Joto la arki halifiki mm 40 likiwa na nguvu ya kulainisha P91. Kwa hiyo ni moja kati ya matatu: kipimo kimedanganya, bomba lilitoka kiwandani au kwenye kupindwa likiwa laini, au pedi zimelichoma.

Anza na kipimo. Uso wa bomba jipya mara nyingi umepoteza kaboni kidogo, na ukipima juu yake unapata namba ya chini ya uongo. Saga mm 0.5, halafu mpaka 0.8 au 1, ukipima unene kwa ultrasoniki usije ukashuka chini ya unene wa hesabu. Malizia kwa sandpepa namba 180 au laini zaidi. Kipimo kikae wima kabisa juu ya uso, na kikaguliwe kwanza juu ya kipande chake cha kusawazishia. Piga mara 5 kila mahali, toa wastani. Kisha tembea na bomba kila mm 50 kutoka kwenye weldi mpaka nje ya pedi zilipoishia, pande zote mbili. Ulaini ukienda bomba zima, lilizaliwa hivyo. Ukiishia pedi zilipoishia, muuaji unamjua.

Tupe pia jumla ya nikeli na manganizi kwenye cheti cha elektrodi. Nitaihitaji.


Kijana_Shimanzi:

Mimi ningepasha vyote 770 kwa saa 4 nimalize. Kile kigumu kitalainika. Kile laini wacha kilivyo, chuma laini hakipasuki.


Mzee_Agoni:

Mwanangu, chuma laini hakipasuki leo. Bomba hili halifanyi kazi leo, linafanya kazi kwenye nyuzi 560 mwaka baada ya mwaka, na huko laini ndiyo inayovimba na kupasuka. Na saa 4 za 770 juu ya upande wa 168 ni kumnyoa aliyekwisha nyolewa. Hiyo tabia ya kuita kazi hii «stresi riliivu» ndiyo inayotupoteza. Kwenye bomba la kawaida unapunguza mkazo, basi. Kwenye P91 unatempa martensaiti. Ukikosea nyuzi 50 umetengeneza chuma kingine.

Fundi, tatizo lako liko kwenye thamokapo kabla ya kitu kingine chochote. Bomba lililolala, hewa moto ndani yake hupanda juu, na chini hubaki baridi. Karakana zetu nyingi ni mabati juu na pande wazi. Kusi ikivuma ikapita ndani ya bomba lisilozibwa, chini panaweza kuachwa nyuma kwa makumi ya nyuzi huku thamokapo ya juu ikisoma 760 tulivu. Kwenye kiungo cha 2 weldi ya chini haikutempwa ikatosha, ikabaki 322.

Kiungo cha 1 ni yale yale yamegeuzwa. Pedi za pande zote mbili zilikuwa kwenye saketi moja, na macho yote yalikuwa kushoto. Kama kushoto ndiko kulikopigwa na upepo, kidhibiti kiliongeza umeme kuwaridhisha wa kushoto, na wa kulia aliyejificha upepo akaungua bila mtu kuona. Au pedi za kulia zilipandana. Chati iliyonyooka inaonyesha pale thamokapo ilipo, basi.

Mpangilio wa bomba la inchi 8 lenye ukuta huu: thamokapo 4 kwenye weldi, yaani juu, chini na mbavuni, na nyingine mbili kwenye bomba, kushoto na kulia, karibu na ukingo wa pedi. Juu na chini viwe na vidhibiti tofauti. Zishikizwe kwa mashine ya kutoa cheche moja moja, kila ncha ya waya peke yake, zikiachana mm 5 hivi. Usizifunge kwa waya wa kufungia. Thamokapo iliyolegea husoma joto la pedi au la hewa, na ikibanduka kabisa kidhibiti hudhani bomba limepoa na kumwaga umeme. Chini ya pedi weka kipande cha sufi juu ya kichwa cha thamokapo isisome pedi moja kwa moja. Pedi zichukue mm 250 hadi 300 kwa jumla, blanketi lizidi hapo mara mbili. Ziba ncha zote mbili za bomba. Ukipita 300 panda nyuzi 100 kwa saa, na ushuke hivyo hivyo mpaka 300. Tofauti kati ya thamokapo za weldi isizidi nyuzi 30. Ikizidi simamisha, panga pedi upya.

Halafu swali ambalo hukulitaja: mlipowasha pedi, kiungo kilikuwa nyuzi ngapi? P91 huanza kugeuka martensaiti karibu na nyuzi 400, na kugeuka hakuishi mpaka imeshuka sana. Lazima ipoe polepole mpaka chini ya 100 kabla ya kupashwa. Ukiwasha ikiwa bado na 200, ostenaiti iliyobaki haitempwi. Inasubiri, na siku ya kupoa baada ya kupashwa inageuka martensaiti mbichi, ngumu kama kaure, ndani ya weldi unayodhani umeimaliza.


Kijana_Shimanzi:

Sawa mzee, nimekubali. Lakini ikiachwa ipoe chini ya 100 kwa unyevu huu wa pwani, si itapata nyufa za haidrojeni?


Mzee_Agoni:

Swali zuri hilo. Ndiyo maana isikae. Ikifika 80 hadi 100 ishikilie hapo chini ya blanketi saa 1, uhakikishe katikati ya ukuta napo pamepoa, kisha anza kupanda. Kama haiwezekani kupasha siku hiyo, itoe haidrojeni kwanza: nyuzi 250 hadi 300 kwa saa 2 hadi 4, halafu ipoe polepole, na ibaki kavu kabisa. P91 iliyochomelewa na haijapashwa, ikilowa, inaweza kupasuka kwa kutu ya mkazo hata bila mzigo. Usiimwagie maji kupima shinikizo, usiilaze nje usiku umande ukaiangukia.

Elektrodi ndizo mlango wa haidrojeni. Boksi likifunguliwa hapa Mombasa lichukulie kuwa limenyonya maji. Zioke nyuzi 300 hadi 350 kwa saa 2, au kama mtengenezaji alivyoandika, zihamie tanuri la kuhifadhi la 120, na welda azibebe kwenye kopo lenye joto, chache chache. Zilizokaa nje saa 4 zirudi kuokwa, tena mara moja tu. Kuzianika juani si kuoka, ingawa nimeona watu wenye vyeti wakifanya.

Na stima. Ikikatika katikati ya kujaza, blanketi lifungwe papo hapo ipoe polepole. Mjitahidi isitokee kabla hamjafikisha angalau mm 10 za weldi, maana ruti nyembamba haina ubavu wa kushika. Kabla ya kuendelea, pasha 200 tena baada ya kupima nyufa kwa unga wa sumaku. Ikikatika mkiwa kwenye 760, muda wa juu uliokwisha fanyika unahesabika, mnapanda upya taratibu na kumalizia uliobaki. Kwa kazi hii jenereta iwe tayari imeunganishwa, siyo inayosubiri dizeli.


Fundi_Changamwe:

Shukran sana nyote. Majibu baada ya kupima:

Kiungo cha 1, kulia: tumesaga 0.8, bado 166 hadi 170. Ulaini unaanza karibu na weldi na unaishia mm 160, pale pale pedi zilipoishia. Mbele ya hapo ni 210. Tulipofungua tuliona pedi mbili za kulia zilikuwa zimepandana.
Kiungo cha 2: pedi ziliwashwa kikiwa nyuzi 180.
Elektrodi: manganizi 0.75, nikeli 0.60.


Bi_Metali:

Basi kiungo cha 1 kata.

P91 ikizidi kupashwa, ugumu hushuka mpaka karibu na nyuzi 820 au juu yake kidogo, halafu ukiendelea kupanda, namba baada ya kupoa huanza kuongezeka tena, kwa sababu sehemu iliyogeuka ostenaiti hurudi kuwa martensaiti mbichi. Wewe umeangukia shimoni, ukaona 168. Laiti pedi zingezidi tena nyuzi 30 au 40, ungeweza kupata 210 ukapongezwa, na ndani chembe zimekwisha kufa. Kwa hiyo hata kipande kinachosoma vizuri jirani na ukingo wa eneo hilo nakitilia shaka. Kata kuanzia weldi mpaka angalau mm 50 kupita mwisho wa ulaini, yaani mm 210 au zaidi upande wa kulia. Upande wa kushoto ondoa weldi yote na mm 10 za bomba, ukanda uliopikwa na arki uondoke nao. Weka kipande kipya cha P91 chenye cheti chake na ugumu wake uliopimwa kabla ya kuchomelewa. Mtakuwa na weldi mbili badala ya moja, mwambieni mteja mapema. Mkiwa na njia ya kupeleka spuli nzima (bomba na viungo vyake) kwenye tanuri la 1050 kisha 760, kitaalamu inafaa pia, lakini bomba litajikunja na kutoa magamba, na sioni kama bei inalipa kwa kipande hiki.

Kiungo cha 2 kinaokoleka. Hukuanza chini ya 100, na mzee ana haki kukuuliza, ila juu nako kulianza na 180 hiyo hiyo kukatoka 252. Kwa hiyo mkosaji mkubwa ni ubaridi wa chini, na awamu ya pili ya kupasha itatempa yote mawili, weldi iliyonusurika kutempwa na martensaiti mbichi yoyote iliyozaliwa mwishoni. Kwanza unga wa sumaku kuzunguka weldi yote na mm 50 kila upande, kwa kuwa imekaa ngumu siku kadhaa kwenye unyevu. Pima ultrasoniki pia upande wa chini.

Lakini si 770. Jumla ya nikeli na manganizi yako ni 1.35. Vitu hivyo viwili hushusha joto ambalo weldi huanza kugeuka ostenaiti. Bomba lenyewe linaanza 800 na zaidi, weldi yenye jumla hiyo inaweza kuanza chini ya 790. Ukilenga 770 na thamokapo moja ikakosea 20, umetengeneza martensaiti mbichi katikati ya weldi. Lenga 750, kikomo 760, saa 2. Safari nyingine agizeni elektrodi yenye jumla isiyozidi 1.0, mtapata nafasi ya kupumua. Ukimaliza pima ugumu sehemu 4 za duara. Ukitaka kumtuliza inspekta kabisa, sugua doa moja ling'ae kama kioo, litie dawa ya Vilella, chukua chapa ya uso kwa utando wa plastiki, aone mwenyewe martensaiti iliyotempwa chini ya hadubini.


Welda_wa_Jomvu:

Sisi wa boila ndogo za viwandani, bomba la A106 daraja B (chuma cha kaboni), haya ya nyuzi na chembe yanatuhusu?


Bi_Metali:

Kidogo sana. Mvuke wa bar 10 ni kama nyuzi 184, na chuma cha kaboni hakitambai hapo. Kwenu haidrojeni, ruti na unene ndiyo mambo. Chuma cha kaboni kinaanza kuwa na ugonjwa wake kikikaa miaka juu ya 425: kabaidi huvunjika, kaboni hugeuka vipande vya grafaiti, na hupenda kujipanga msitari mmoja ukingoni mwa eneo lililopikwa na weldi. Bomba la mvuke la kituo cha Springdale, Pennsylvania, lilipasuka namna hiyo mwaka 1943. Lilikuwa chuma cha kaboni na molibdenamu bila kromiamu. Tangu hapo laini za moto zikaanza kutiwa kromiamu.


Kijana_Shimanzi:

Na joto la arki lenyewe? Nikitumia elektrodi ya mm 5 nimalize haraka, kuna ubaya gani kama mwisho nitapasha?


Mzee_Agoni:

Ubaya ni kwamba pasi nene haitempwi na inayofuata, na punje zake ndefu zinabaki. Piga hesabu: volti 24 mara ampia 120 mara 60, gawanya kwa mwendo wa mm 150 kwa dakika mara 1000, unapata kilojuli 1.15 kwa kila mm. Hapo ni pazuri. Ukikaa chini ya 2 na kila pasi isizidi mm 3 unene, tena upana wa kuyumba usizidi mara 3 ya kipenyo cha waya, kila pasi inasafisha ya chini yake. Ukubwa wa joto la arki hata hivyo hauondoi ule ukanda dhaifu wa pembeni, unaufanya mpana au mwembamba tu.

Fundi, moja la kumwandikia mteja kwenye karatasi ya makabidhiano. Kwenye weldi ya mzunguko, shinikizo la mvuke huvuta kwa urefu wa bomba nusu tu ya linavyotanua ukuta, kwa hiyo ukanda ule dhaifu huwa na nafuu. Nafuu inaondoka bomba likipindwa na uzito wake. Vishikio vya springi vya bomba vikiachwa na pini zake za kusafirishia baada ya kufungwa, au springi ikikwama kwa kutu, mzigo wote wa kupinda unaangukia kiungo kilicho karibu, na hapo ndipo ufa wa pembeni huanza mapema. Pini zitolewe kabla mvuke haujaingia, na nafasi ya kila springi isomwe bomba likiwa baridi, isomwe tena likiwa moto.